Msomaji Bora wa Msimu wa Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wetu wa maktaba ametugawia madaftari, kila mfanyakazi na lake, tuandike "changamoto za mfumo mpya". Nimechana ukurasa mmoja, nikaandika "Hakuna changamoto", nikamkabidhi. Daftari lenyewe nimekuja nalo nyumbani. Humu nitasema kweli.

Kweli ya kwanza: sitaki mashine hii. Miaka ishirini na saba nimekaa kwenye kaunta ya chumba cha chini nikigonga muhuri. Msomaji anasaini, nagonga tarehe, anakwenda zake. Kuanzia leo lazima awe na kadi ya plastiki yenye picha yake, aiweke chini ya taa nyekundu, abonyeze namba ya siri, halafu apitishe kitabu. Mashine ikiridhika inalia tii. Isiporidhika inalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu.

Aliyeletwa kutufundisha ni binti wa miaka thelathini hivi, viatu vyeupe pe, hacheki. Wenzangu wanamwita Mtaalamu. Kaniamkia kwa adabu zote, nami nikaitikia, lakini moyoni nilishamkataa kabla hajafungua mkoba.

Mvua imeanza. Paa linavuja; ndoo ya kwanza tumeitega ghorofani, karibu na rafu ya jiografia.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mbuzi kalia siku nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Chumba cha chini ni cha wazee. Hakuna aliyeandika hivyo mlangoni, lakini ghorofani kuna ngazi thelathini na nane, na magoti yao hayataki hata kuzisikia. Huku chini kuna vitabu vya maandishi makubwa, magazeti, na dirisha lenye mwanga. Ni watu kama thelathini na watano, si wote siku moja. Yupo Mzee Bomba, fundi bomba mstaafu, anayesoma vitabu vya vita na kubishana navyo kwa sauti. Na yupo Mkunga.

Mkunga ana miaka themanini na moja. Alizalisha wanawake wa mji huu mpaka mikono ikaanza kutetemeka, ndipo akahamia kwenye riwaya za upelelezi, tatu kwa wiki. Akirudisha kitabu lazima akwambie muuaji ni nani, umeuliza hukuuliza. Nusu ya rafu ile kaniharibia.

Leo alikwenda kwenye meza ya Mtaalamu kujiandikisha. Akaambiwa achague namba nne za siri.

"Siri kwa nani?"

"Kwa kila mtu, bibi."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu."

"Sasa nikisahau nitamuuliza nani?"

Chumba kizima kikacheka, isipokuwa Mtaalamu. Mkunga akabonyeza. Vidole vinatetemeka, kila kitufe anakigonga mara mbili. Mbuzi akalia. Akarudia, akalia tena. Mara ya tatu yakatokea maandishi mekundu: UMEFUNGIWA.

"Nimefungiwa? Nimeiba nini mimi?"

Mtaalamu akamwambia arudi kesho aanze upya. Mkunga akatoa kitambaa cha kufutia miwani akawa anakikunja, mara nne, mara nane, mpaka hakikunjiki tena. Nikashindwa kuvumilia. Nikamshika mkono nikamleta kaunta, nikatoa kadi yangu mwenyewe, nikabonyeza namba yangu, nikapitisha vitabu vyake vitatu. Tii, tii, tii. Kisha nikagonga muhuri wa zamani kwenye kikaratasi, roho yake itulie.

"Tayari?"

"Tayari, Mama. Nenda ukasome."

"Ala! Kumbe rahisi hivi."

Ijumaa, 7 Machi

Mzee Bomba kaja na wenzake wanne. "Tumesikia huku kwako hakuna kupigwa picha."

Tii.

Jumatano, 19 Machi

Sasa wote wanapita kwangu. Nina kijidaftari chini ya kaunta, naandika nani kachukua nini nisije nikachanganya. Mambo yanakwenda kama maji.

Mtaalamu kanifuata saa ya mapumziko, kashika kikombe bila kunywa. "Mama, wazee hawaji kujiandikisha. Labda nimewatisha. Tufanyeje?"

"Wape muda, mwanangu," nikasema, nikajitia hamnazo.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Ndoo tatu.

Jumatano, 9 Aprili

Mume wangu kaniambia siku hizi narudi nyumbani nikiwa na furaha. Kweli. Sijajifunza hata nusu ya mashine ile na hakuna aliyegundua. Nimeizunguka, na wazee wangu wanasoma. Najiona mjanja kuliko makao makuu yote.

Ijumaa, 25 Aprili

Nianzie wapi? Nianzie kwenye viti.

Tulipangiwa viti ukumbini saa nne asubuhi, wafanyakazi wote, na mgeni kutoka makao makuu mwenye tai. Mkuu akasimama na karatasi. Kwa mara ya kwanza, akasema, tuna takwimu za kweli, za mashine, zisizo na upendeleo. Kwa hiyo tutamtuza msomaji bora. Tangu Machi mtu huyu ameazima vitabu mia moja sitini na vitatu.

Nikamgeukia mwenzangu wa rafu za watoto nikamnong'oneza, "Huyo analala saa ngapi?"

Mkuu akataja jina langu.

Makofi. Mkuu anaendelea, uso unamng'aa: "Na tazameni upana wa akili yake! Ufugaji wa nyuki. Uashi. Vita, vitabu ishirini na viwili. Riwaya za mauaji kumi na nane! Mama huyu ni mfano kwetu." Nikainuliwa, nikapewa cheti chenye fremu ya kioo, nikapigwa picha pamoja na yule mwenye tai.

Sijakaa, Mkuu kageuza karatasi. Jambo la pili. Takwimu hizo hizo zinaonyesha kwamba wasomaji wa miaka sitini na kuendelea walioazima kitabu ni wawili. Wawili tu. Makao makuu wameona chumba cha chini kinakaliwa bure. Kuanzia Juni kitakuwa chumba cha kompyuta, na vitabu vya maandishi makubwa vitapandishwa ghorofani.

Ngazi thelathini na nane.

Nilikuwa bado nimesimama na fremu mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wazee thelathini na zaidi, kila siku tuko nao, nimewafuta mimi, tii kwa tii, na huruma yangu. Nikafungua mdomo. Nikakumbuka nimebakiza miaka minne nistaafu. Nikaufunga. Nikasema asante, nikakaa.

Mume wangu amekipigilia cheti ukutani sebuleni. "Mia moja sitini na tatu? Mbona kile cha ushonaji una mwaka nacho na hujafika katikati?"

Nilikwenda jikoni nikalia mbele ya sinki.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Mkunga karudisha vitabu vitatu, kasema muuaji ni daktari wa meno. Kachukua vingine vitatu. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumanne, 29 Aprili

Sijasema.

Jumatano, 30 Aprili

Mtaalamu kaja kaunta wakati hakuna watu, kainamisha kichwa.

"Mama, mtu hawezi kuazima riwaya tatu, kitabu cha nyuki na vya vita viwili ndani ya dakika tano. Niliona tangu Machi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangekusimamisha kazi. Na nilijua mimi ndiye niliyewakimbiza, nikaona angalau kwako wanasoma. Sikujua ripoti itakuja kutumika hivi, Mama, naapa." Macho yake yako kwenye mlango wa Mkuu. Kumbe hacheki kwa sababu anaogopa. Miezi miwili tumekaa hatua kumi tu mmoja kutoka kwa mwenzake, kila mmoja anamficha mwenzake jambo lile lile.

Nimemwambia kesho kutwa nakwenda kwa Mkuu. Akasema tutakwenda wote.

Ijumaa, 2 Mei

Tumekwenda. Nimeweka fremu mezani kwa Mkuu, na kijidaftari juu yake, nikasema yote bila kupumua. Mkuu aliondoa miwani, akajifuta uso kwa kiganja.

"Unajua nimekupiga picha na mgeni?"

"Najua."

"Picha ipo kwenye jarida!"

Alinipa karipio la maandishi. Nimelisaini. Halafu akapiga simu makao makuu, akapokea makaripio yake yeye mwenyewe, namsikia anasema ndiyo mzee, ndiyo mzee. Alipoweka simu alikuwa mwingine kabisa, amechoka, sauti imeshuka. Wamekubali hivi: mpaka tarehe thelathini Mei, wazee thelathini wawe wamejiandikisha na kila mmoja ameazima kwa kadi yake. Wakipungua hata mmoja, chumba kinakwenda. "Kimbieni," akasema.

Jumatatu, 5 Mei

Nimewaita dirishani wazee waliokuja leo, nimewaeleza. Nilidhani watanionea huruma. Wapi! Mzee Bomba kanitolea uvivu mbele ya watu: "Yaani nimesoma vita ishirini na viwili, nishani umechukua wewe?" Wakacheka kidogo, nikashukuru Mungu.

Mkunga hakucheka. "Kwa hiyo mle ndani mimi simo?"

"Humo, Mama."

"Tangu Machi simo."

Akachukua mwavuli, vitabu vyake akaviacha mezani, akatoka mvuani. Nilimwita. Hakugeuka.

Alhamisi, 8 Mei

Wamejiandikisha saba. Mtaalamu kakaa na kila mmoja, bila haraka, na ameichezea mashine: sasa mtu akigonga kitufe mara mbili, inahesabu mara moja. "Kumbe inawezekana?" nikamuuliza. "Inawezekana, Mama. Hakuna aliyeniambia shida ni vidole. Nilidhani wanasahau namba."

Mzee Bomba kachagua namba yake ya siri kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Watatu waliomfuata wakachagua hiyo hiyo. "Ili mmoja akisahau, wengine tumkumbushe." Mtaalamu kacheka! Nimemwona kwa macho yangu, mpaka akashika ubavu.

Jumatatu, 12 Mei

Mkunga hajaonekana wiki nzima. Baada ya kazi nikamfuata kwake, viatu vimejaa tope. Anaishi kwa bintiye, chumba cha nyuma, kitanda kimesogezwa dirishani, vikaratasi vyangu vya muhuri amevipanga juu ya meza kwa tarehe. Vyote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa.

"Watoto niliowapokea sijui idadi," akasema. "Lakini ukienda hospitali utawakuta kitabuni. Mtoto hajafutwa vizuri, mimi nishaandika: saa, uzito, jina la mama. Hata aliyeishi dakika kumi nilimwandika. Wasichana wa wodini walikuwa wakinung'unika, Mama unatuchosha na madaftari. Nikawaambia, huyu asipoandikwa, kesho watasema hakuzaliwa. Halafu wewe, mwanangu, unanipa vitabu kwa mkono huu, na mkono huu unaniacha nje?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Mbona hukunifundisha?"

Nikainama nikaanza kukwangua tope kwenye viatu.

"Si kwamba hukutaka," akasema, sasa kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionimaliza. "Hukujua. Ulikuwa unaiogopa kama mimi. Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa na kadi."

Machozi yalinitoka kweli kweli, mtu mzima mimi. Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe tangu juzi, alikuwa anangoja tu nije. Nikamwambia Mtaalamu anaweza kuja na kishikwambi, akamwandikisha na kumpiga picha pale pale.

"Thubutu! Nipigwe picha kitandani kama mgonjwa? Nitakuja kwa miguu yangu, nimevaa gauni langu la bluu. Mvua ikikatika nitakuja. Wewe nifundishe tu hivyo vitufe."

Nikaomba boksi la viatu kwa bintiye, nikakata kifuniko, nikachora kwa kalamu ya wino vitufe kumi kama vilivyo kwenye mashine. Tukafanya mazoezi mpaka giza likaanza kuingia. Nikatazama pembeni kila alipobonyeza namba yake. Hiyo ndiyo sheria.

Ijumaa, 16 Mei

Wamefika ishirini na wawili. Mvua hailegezi hata kidogo. Nimejifunza kuandikisha mtu mwanzo mpaka mwisho; Mtaalamu kanipigia makofi, nami nikavimba kichwa kidogo.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Nimempigia simu binti wa Mkunga. Kasema mama ana kikohozi lakini gauni limeshapigwa pasi.

Jumanne, 20 Mei

Mvua.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Ishirini na saba. Nikamwambia Mtaalamu, "Twende tu na kishikwambi kwake, nitamsihi." Halafu nikasema tungoje kesho, huenda ikakatika. Alitaka kuja mwenyewe. Sikutaka kumwamulia tena.

Ijumaa, 23 Mei

Mkunga amefariki jana alfajiri. Kikohozi kilishuka mapafuni.

Bintiye alikuja kaunta leo, kalowa, na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kifuniko cha boksi la viatu. "Alikuwa anabonyeza hata akiwa anakula," akasema. "Nikimwambia pumzika, ananiambia nina mtihani."

Nimekiangalia nilipobaki peke yangu. Wino umefutika kwenye vitufe vinne. Sita vilivyobaki viko kama nilivyovichora. Kwa hiyo sasa najua namba zake. Sitaziandika hapa.

Jumamosi, 24 Mei

Tumemzika. Wazee wote walikuja, pamoja na Mtaalamu na Mkuu. Mvua ilikatika katikati ya mazishi, jua likatoka, nikalikasirikia jua.

Ijumaa, 30 Mei

Mwenye tai amekuja saa tatu. Akakaa kwenye mashine mwenyewe, hakutaka tumsomee. Chumba cha chini kilijaa mpaka wengine walisimama. Sijawahi kuwaona wote mle kwa pamoja. Aliyekosa kadi mpaka asubuhi ile alikuwa mzee mmoja wa magazeti, na nilimwandikisha mimi mwenyewe, mwenye tai akinitazama. Tii.

Thelathini na wanne. Akahesabu tena. Thelathini na wanne. Akasema chumba kinabaki, na atauliza kuhusu paa.

Mzee Bomba kapiga kigelegele, mwanamume mzima. Watu wakakumbatiana, Mtaalamu akanikumbatia mimi. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi sana. Na kila mara jicho lilikwenda kwenye kiti cha dirishani, ambacho hakuna aliyekikalia pamoja na kwamba watu walikuwa wamesimama.

Jumatano, 4 Juni

Siku tatu hizi mimi na Mtaalamu tumekuwa tukirudisha vitabu kwa wenyewe. Mkuu ameruhusu: kila nilichoazima kwa kadi yangu kihamie kwa aliyekisoma, kwa ushahidi wa kijidaftari na mwenyewe akiwepo. Wazee wanapanga foleni, wanabishana. "Hicho cha nyuki si changu!" "Ni chako, ulikirudisha na doa la chai." Mzee Bomba amepata vita vyake ishirini na viwili na akataka avione kwenye kioo, kimoja kimoja.

Hesabu yangu ilikuwa ikishuka. Mia, sitini, thelathini. Leo alasiri imefika ishirini na nne. Vitatu ni vyangu halali. Ishirini na kimoja ni vya Mkunga.

Mtaalamu akasogeza kiti. "Mama, naweza kumwandikisha. Picha bintiye anazo. Tarehe nairudisha nyuma, mwezi wa tatu. Hakuna atakayejua." Alisema kwa moyo safi, macho yamemlowa. Nilimwona yeye, nikajiona mimi siku ile ya Machi na kadi mkononi.

"Usifanye, mwanangu," nikasema. "Alitaka aingie mwenyewe."

Akatikisa kichwa kukubali, akazima kioo.

Basi vimebaki kwenye jina langu, na mashine inasema nimevisoma vyote. Nimekwenda kwenye rafu nikatoa cha kwanza kwenye orodha yake. Niko ukurasa wa kumi na mbili.